Kiingereza cha Mtihani Kinaanzia Duarani

Swali la Jiografia la kidato cha nne linaweza kuja hivi: "Explain five problems facing small-scale gold miners in Tanzania." Mpe swali hilo binti wa Nyarugusu, Geita, ambaye baba yake ana duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na kaka zake wanapokezana zamu karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Kwa Kiswahili atakutajia matatizo manane bila kuvuta pumzi: maduara yanaporomoka, masika maji yanajaa, hewa ya chini ni nzito, matimba ni dhaifu, mtaji hakuna, mwenye leseni anachukua fungu kubwa, zebaki inashikwa kwa mikono mitupu, mawe yanasagwa wiki nzima na dhahabu haionekani. Sasa mpe kalamu ajibu kwa Kiingereza. Ataandika "lack of capital", ataandika "poor technology", kisha ataitazama karatasi. Hizo mbili alizimeza kutoka kwenye notsi. Yale mengine, ambayo pengine anayajua kuliko hata aliyetunga swali, hana maneno ya kuyatoa.

Makala haya ni kwa ajili ya binti huyo na wenzake: wa kidato cha tatu na cha nne katika shule za kata za Geita, Katoro, Kahama na Kishapu, wa kidato cha sita wanaowania chuo kikuu, na vijana wanaorisiti huku wanafanya kazi mwaloni, kunakooshwa mchanga wa dhahabu. Ninalowaambia wanafunzi kila mwaka ni hili: usianze kutafuta Kiingereza mbali. Anza na kile unachokijua kwa macho na mikono, kitafutie maneno, halafu yapeleke maneno hayo kwenye masomo mengine. Orodha ndefu ya maneno magumu yaliyonakiliwa kutoka kamusi, yasiyokuwa na kitu wala sentensi ya kuyashika, haijawahi kumfikisha mtu mbali.

Tukubaliane kwanza juu ya ukubwa wa mlima. Mtoto wa kanda hii anakulia nyumbani kwa Kisukuma, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Januari ya kidato cha kwanza anaambiwa kwamba Baiolojia, Historia, Kemia na hata Hisabati sasa ni kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha yake ya tatu. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza Kiingereza mashuleni wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kusoma na kuelewa vitabu wanavyofundishiwa. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba jambo hili lingepaswa kurekebishwa zamani, na kwamba mtoto anayekwama kwa sababu ya lugha hajapimwa akili yake. Lakini pepa ya Novemba itakuja kwa Kiingereza karibu katika kila somo, ukiondoa Kiswahili na machache mengine, na haiwezi kusubiri sera. Kwa hiyo tufanye kazi.

Anza na maneno yanayouliza. Ni machache, yanajirudia katika kila somo na kila mwaka, na mwanafunzi asiyeyajua hupoteza alama hata za vitu anavyovifahamu. Ukiambiwa "state", "mention" au "list", taja tu, sentensi moja kwa kila hoja inatosha, usijaze ukurasa. "Outline" inataka hoja kuu kwa ufupi. "Describe" inataka ueleze kitu kilivyo au hatua zinavyofuatana. "Explain" inataka sababu, na kila hoja ibebe "because" au "therefore" yake. "Distinguish" inataka tofauti, kwa hiyo kueleza kitu kimoja kikaisha na kingine kikaisha bila kuvikutanisha hakutoshi. Neno lako hapo ni "while" au "whereas". "Analyse", "assess" na "justify" ndiyo maneno ya insha za Historia na za kidato cha sita, na hapo unatakiwa kuvunjavunja jambo, kulipima au kulitetea kwa ushahidi.

Halafu kuna "account for". Nimeona mwanafunzi mwerevu kabisa akilikuta neno hilo kwenye swali la sababu za wakoloni kuja Afrika, akafikiria akaunti, akaandika habari za biashara na benki za Wazungu. "Account for" maana yake ni toa sababu. Basi. Hali kadhalika "state" mwanzoni mwa swali haihusiani na dola wala nchi. Andika maneno haya ya kuuliza, hayazidi ishirini, kwenye karatasi moja, yabandike ukutani getoni au juu ya kitanda, na kwa kila moja andika swali halisi kutoka kwenye pasti pepa. Hii ni kazi ya wiki mbili, na hakuna kazi nyingine ya msamiati inayolipa haraka namna hii.

Sasa turudi duarani. Chukua yale matatizo manane kwa Kiswahili na uyaandike upande wa kushoto wa ukurasa. Upande wa kulia tafuta neno la kila moja, ukianza na kitenzi. Duara linaporomoka: "collapse". Maji yanajaa: "flood". Hewa safi haifiki: "poor ventilation". Matimba: "timber supports". Zebaki: "mercury", na inachofanya ni "poison". Kisha jenga sentensi fupi, kamili, ya kwako mwenyewe: "The walls of the pit collapse because the timber supports are weak." "During the rainy season the pits are flooded and work stops." "Miners handle mercury with bare hands, and it poisons them slowly." Tazama sentensi hizo. Hakuna neno hata moja ndani yake la kumtisha mtu, lakini zinajibu swali vizuri kuliko "poor technology", kwa sababu zina sababu na matokeo ndani yake. Msahihishaji anaona mtu anayejua anachosema.

Ukishayapata maneno hayo, usiyaache yakae Jiografia peke yake. "Collapse" ileile itakuhudumia Historia ukieleza kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977: "the collapse of the East African Community". "Ventilation" utaikuta Baiolojia kwenye mapafu na upumuaji. "Extract", ambayo mchenjuaji anaifanya kila siku, iko Kemia kwenye utoaji wa metali kutoka kwenye mbale, na iko kwenye pepa ya English unapoambiwa usome kipande cha habari. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, yanayolowekwa kwenye matangi ya sayanaidi yanafanyiwa "leaching", na Jiografia ya udongo inatumia neno hilohilo kwa mvua inayobeba rutuba kwenda chini. Na karasha? Limetoka kwenye "crusher", na ndani yake kuna "crush", ambayo ndiyo kitenzi cha vitabu vya Historia vinapoeleza Wajerumani walivyoizima Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907: "they crushed the uprising". Kijana wa machimbo ya Rwamgasa analitamka neno hili tangu utotoni akiwa halijui kwa tahajia yake. Yako mengi ya namna hiyo: kompresa, pampu, dampa, jenereta, leseni. Yaandike yote kwa tahajia ya Kiingereza, utashangaa mtaji ulionao.

Maneno yanayosafiri hivi kutoka somo hadi somo ndiyo ya kuyapa kipaumbele. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alikusanya maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, akapata familia 570 tu. Humo kuna "factor", "process", "source", "require", "affect", "decline", "benefit", "structure". Yote haya utayakuta kwenye vitabu vyako vya kidato cha tatu na cha nne. Mwanafunzi anayehangaika na "photosynthesis" anasahau kwamba neno hilo mwalimu atalifundisha na kitabu kitalieleza. Linalomwangusha ni "require" na "decline", ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Ukilipata neno, lipate na ukoo wake. Kwa jambo hili mzungumzaji wa Kiswahili amezaliwa fundi. Kutoka chimba tunapata mchimbaji, uchimbaji, machimbo na chimbua bila kufundishwa. Tumia ufundi huohuo: "mine, miner, mining, mineral", "pollute, pollution, polluted", "employ, employer, employee, employment, unemployment". Kwenye pepa ya English huwa kuna maswali ya kubadilisha umbo la neno, lakini faida kubwa iko kwenye insha. Anayejua "pollution" peke yake anaandika "mercury is pollution of water". Anayejua ukoo anaandika "mercury pollutes the water".

Yapo maneno yenye nyuso mbili, na hayo yanataka uangalifu wa pekee kwa sababu hayakupi dalili kwamba umekosea. "Solution" ya Kemia ni kimiminika kilichoyeyushiwa kitu. Ya Civics ni ufumbuzi. "Relief" ya Jiografia ni milima na mabonde. Kwenye habari ya njaa ni msaada. "Bank" ina ukingo wa mto ndani yake, "mouth" ina mahali mto unapoingia ziwani, na "water table" haina meza yoyote. Ukikutana na neno unalodhani unalijua na sentensi haieleweki, shuku neno hilo kabla ya kushuku akili yako. Kuna pia maneno tuliyoyaazima tukayapa kazi nyingine. Hotelini kwetu mtu huenda kula wali maharage na kurudi kazini. "Hotel" ya Kiingereza ni mahali pa kulala.

Jambo la tahajia haliepukiki kanda hii. Kisukuma hakitenganishi "l" na "r" kama Kiingereza kinavyofanya, na masikio yetu yamezoea hivyo. Si aibu, na asitokee mwalimu wa kumcheka mtoto kwa hilo. Ila mtihani ni wa kuandika, na karatasi haisikii lafudhi. "Collect" ni kusanya, "correct" ni sahihisha. "Glass" ni kioo, "grass" ni nyasi. "Play" na "pray", "alive" na "arrive", "liver" na "river": mtu akiandika kwamba Kagera ni "liver" amepeleka ini Ziwa Victoria. Dawa yake ni jicho. Kila jozi iandike katika sentensi moja inayobeba maneno yote mawili, kwa mfano "The teacher will collect our books and correct them", uisome, uifunike, uiandike tena. Usitegemee sikio kwenye jozi hizi, wala mabango ya mitaani: maduka mangapi ya kuuza madaftari yameandikwa "stationary", neno ambalo maana yake ni kitu kilichosimama? Duka la madaftari ni "stationery", kwa "e".

Hapohapo ongeza makosa ya wingi. "Equipment", "information", "advice" na "furniture" hazichukui "s". Kosa jingine ni la kihusishi: ni "discuss the problem", bila "about".

Kuyatunza maneno ni kazi nyingine, na wengi huipuuza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza hasara hiyo. Baadaye, mwaka 1972, Sebastian Leitner alieleza njia rahisi ya kufanya hivyo kwa kadi na boksi. Nunua shiti moja ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele ya kila kipande andika sentensi yenye pengo: "The walls of the pit ______ after heavy rain." Nyuma andika "collapsed", na chini yake ukoo wa neno. Chukua boksi la viatu uligawe sehemu tatu. Kadi mpya zinakaa sehemu ya kwanza, unazijibu kila siku. Ukipata, inahamia sehemu ya pili, ya kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, inakwenda ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Ukikosa, popote ilipo, inarudi mwanzo. Siri yote iko kwenye lile pengo: unalazimika kulitoa neno kichwani badala ya kulitazama tu. Kusoma notsi mara kumi kunakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo ndiyo inayowasaliti watu chumba cha mtihani.

Maneno matano kwa siku, siku tano za wiki, yanatosha. Kwa wiki 36, kuanzia shule zinapofunguliwa Januari, ni maneno 900, kila moja na ukoo wake. Anayemeza hamsini Jumamosi hubaki na machache Jumatano. Asiye na boksi atumie kaunta buku ya kwaya mbili na kufunika upande mmoja kwa kiganja.

Soma pia, na usome chepesi. Utafiti wa Paul Nation na wenzake unaonyesha kwamba ili msomaji aelewe bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno, yaani neno geni moja katika hamsini. Kitabu chenye maneno mageni kila mstari kiweke kando kwa sasa. Hakuna ubaya wa mwanafunzi wa kidato cha nne kurudi kwenye "Mabala the Farmer" cha Richard Mabala, kisha "Passed Like a Shadow" cha Bernard Mapalala, kabla ya kupanda hadi "Weep Not, Child" cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Dakika ishirini kila siku, kamusi ikiwa imefungwa mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha ifungue kwa maneno mawili au matatu tu yaliyokuzuia kuelewa. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, ni ya kuaminika. Hata nakala iliyochakaa ya kununua kwa pamoja darasani inafaa.

Kuna hazina ambayo wanafunzi wengi hawajaifungua. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha kwenye tovuti yake, bure, taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo utaona swali, idadi ya waliofaulu, picha ya jibu zuri na picha ya jibu baya, zote mbili zikiwa na mwandiko wa mtahiniwa. Taarifa hizi zinarudia sababu zilezile mwaka hadi mwaka: kutoelewa matakwa ya swali, udhaifu wa Kiingereza, uchache wa maarifa. Mwenye simu janja apakue moja, wenzake wanne wakae naye. Chukueni jibu baya, mliandike upya kwa sentensi zenu, kisha mlinganishe na lile zuri. Maneno mtakayoyaokota humo ndiyo hasa yanayotakiwa.

Walimu wenzangu, fimbo na kibao cha "speak English only" havijamwongezea mtoto msamiati. Vinamfundisha kunyamaza. Mruhusu aseme wazo kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma, kisha msaidie kulivusha. Na wazazi, hasa wa binti, saa moja ya usiku baada ya vyombo na maji iwe yake, taa iwepo, asiitwe. Kijana naye asitolewe darasani kwenda karashani msimu wa rashi ya dhahabu. Mzazi anayetaka mwanawe awe tabibu akumbuke kwamba stashahada ya utabibu katika vyuo vya afya huhitaji ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza kwa mwombaji. Na hizo Kemia na Baiolojia zenyewe amezijibu kwa lugha gani?

Wewe unayerisiti, au unayeanzia mtihani wa maarifa (QT) huku unafanya kazi, una kitu ambacho wadogo zako wa shuleni hawana: siku nzima umezungukwa na vitu vinavyoulizwa. Mgodi wa almasi wa Mwadui, aliouanzisha John Williamson mwaka 1940, ni shimo la wazi. Mgodini Bulyanhulu wanachimba chini ya ardhi. Wewe uko mwaloni. Kitabu kinaziita njia hizo "open cast", "underground mining" na "panning". Beba kadi kumi mfukoni, jibu mbili ukisubiri mota ipoe.

Wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani usiongeze neno jipya. Rudia boksi, andika insha kwa saa, lala. Ndani ya chumba, pigia mstari kitenzi cha swali na idadi ya hoja kabla ya kuandika chochote. Na neno likikukimbia, usikae unalisubiri wala usiifute hoja. Lizunguke kwa maneno madogo uliyonayo. Umesahau "ventilation"? Andika "fresh air does not reach the miners underground". Umesahau "timber supports"? Andika "the pieces of wood which hold the walls of the pit". Hoja imefika, endelea na inayofuata.